Miaka Saba Yote Hiyo, Nimwachie Nani?

  Mwezi huu nilipanga tuongee kuhusu wivu, na kusema kweli nusu ya makala ilikuwa imeshaandikwa. Nimeiweka kando. Sababu ni barua ya dada mmoja ambayo nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma naona si yake peke yake. Ni yangu, ni yako, ni ya yule kaka anayesukuma gari bovu kila asubuhi huku akiapa hawezi kuliuza kwa sababu juzi tu kaliwekea injini mpya.

Dada huyu ana miaka 33 na anafanya kazi ofisini Tabora mjini. Mchumba wake yuko Usoke, ukitoka Tabora unaelekea Urambo, kwenye ile reli iendayo Kigoma. Ni mkulima wa tumbaku, kama walivyo wengi huko. Walipoanza uhusiano wao ahadi ilikuwa nyepesi: nikiuza tumbaku ya msimu huu, tunafunga ndoa. Msimu wa kwanza mvua ikazidi. Wa pili bei ikawa ya kukatisha tamaa. Wa tatu deni la pembejeo likameza malipo yote, kijana akarudi nyumbani na karatasi tu mkononi. Msimu wa nne dada akachukua mkopo kazini kwake akamsaidia mbolea na hela ya vibarua. Wa tano, vilevile.

Halafu kuna nyumba. Kiwanja kipo Usoke, jina lililoandikwa ni la mchumba, tofali kanunua dada, saruji kanunua dada, fundi analipwa na dada kwa simu. Imefika kwenye linta. Mahari ililetwa nusu, na nusu ile ina miaka minne sasa inasubiri mwenzake.

Mwaka jana akagundua kwamba mwenzake ana mtoto huko Kaliua, wa miaka miwili. Piga hesabu mwenyewe. Kijana alipobanwa alilia, akaomba radhi, akaapa kwa kila kitu. Miezi miwili ikapita salama. Kisha simu ikaanza tena kuzimwa jioni.

Anamalizia hivi: "Dada yangu, angekuwa mtu wa miezi saba ningeshaondoka siku ileile. Lakini ni miaka saba yote hiyo, na nyumba imefika kwenye linta. Nimwachie nani?"

Hebu rudia kuisoma hiyo sentensi polepole. Dada keshatoa hukumu yake mwenyewe, ila hajaisikia. Anasema kwamba kwa tabia hii ya huyu bwana, mtu wa miezi saba angeachwa bila mjadala. Kwa hiyo kinachomshikilia si bwana. Kinachomshikilia ni miaka na tofali.

Wanasaikolojia wana jina la jambo hili. Wanaliita gharama iliyozama. Maana yake ni hela, muda, jasho au machozi ambayo umeshatoa na hayawezi kurudi, ukifanya hivi au ukifanya vile. Kwa hesabu kavu, kitu ambacho hakirudi kwa njia yoyote hakipaswi kuingia kwenye uamuzi wa kesho. Lakini nani anaishi kwa hesabu kavu? Mimi nina jozi ya viatu virefu nilivyonunua kwa bei ambayo sitaitaja hapa, mama yangu anasoma gazeti hili. Vinanibana hadi machozi. Viatu vya bei rahisi vikinibana namgawia mdogo wangu wiki ileile. Hivi vya bei mbaya nimevivaa harusi tano, na mara zote tano nimetoka nikichechemea. Eti nisije nikapoteza hela yangu! Hela nimeshapoteza dukani. Nilichoongeza mimi ni malengelenge.

Au kituo cha daladala. Umesubiri dakika arobaini, bajaji inapita, nauli unayo, na kazini umeshachelewa. Unaipanda? Thubutu. "Nimeshasubiri sana, sasa hivi itakuja." Ungekuwa umefika kituoni dakika hiyohiyo ungeipanda bila kufikiri.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili. Jaribio moja lilifanyika kwenye ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio. Watu walikuja dirishani kununua tiketi za msimu mzima, bei dola 15. Bila kujua, wengine waliuziwa kwa bei kamili, wengine wakapunguziwa dola 2, wengine dola 7, kwa bahati nasibu. Maigizo yaleyale, ukumbi uleule, na wote walikuwa wamekuja wakiwa tayari kulipa bei kamili. Sasa angalia: katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Usiku ukiwa wa baridi na mtu amechoka, aliyelipa nyingi alijikokota akaenda. Nusu ya pili ya msimu tofauti ile ilififia, maumivu ya hela yalikuwa yamepoa.

Swali lao lingine ndilo lililonichekesha. Waliwaambia watu: tuseme umelipa dola 100 kwa safari moja ya mapumziko na dola 50 kwa safari nyingine, na unaamini hii ya dola 50 utaifurahia zaidi. Ghafla unagundua zote mbili zimeangukia wikiendi moja, tiketi hairudishwi wala hainunuliki na mtu mwingine. Utakwenda ipi? Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100. Watu wazima, wenye akili zao timamu, walichagua kufurahi kidogo ili hela iliyokwisha kwenda isione aibu.

Sasa nirudi kwa dada yetu, maana yeye hahitaji kwenda Ohio. Nilipompigia simu nilimwambia, mdogo wangu, ukipanda basi la Usoke siku moja usishuke, endelea mpaka Urambo. Ni hapo jirani tu. Huko kulifanyika kosa lako hilihili, ila aliyelifanya ni serikali nzima ya Uingereza.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda mmesikia habari za mradi wa karanga mkadhani ni hadithi ya Kongwa peke yake. Kongwa ndiyo ilikuwa ya kwanza, lakini maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Ilikuwa mwaka 1946. Vita Kuu ya Pili imekwisha, Waingereza wamechoka, mafuta ya kula na majarini kwao ni kwa mgao. Bwana mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akaja na wazo: kwa nini tusilime karanga Tanganyika, nyingi, kwa mashine? Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ambaye alishawahi kuwa mkuu wa kilimo hapa Tanganyika. Wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango: ekari zaidi ya milioni tatu, miaka sita, gharama kama paundi milioni 25.

Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalinunuliwa yakiwa mitumba huko Ufilipino, mengine yalikuwa vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Sitanii. Mizizi ya vichaka vya Ugogo ikayavunja. Mibuyu ikagoma kung'oka, na nyuki waliomo ndani ya mibuyu wakatoa maoni yao. Udongo wenyewe ni wa mfinyanzi, kiangazi ukikauka unakuwa kama saruji, karanga hazichimbiki. Mvua ikawa ya kusuasua. Mgogo yeyote angeweza kuwaambia habari za mvua za kwao, angeulizwa. Mwaka ule wa kwanza walikusudia ekari 150,000. Wakapanda takribani 7,500.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka wa kwanza tu umeshakuambia. Ulitaka 150,000, umepata 7,500. Mtu ambaye hajaweka hata senti moja, ukimwonyesha tarakimu hizo na kumwomba hela aendeleze, atacheka. Lakini wao hawakuwa watu wasioweka senti. Walikuwa wameshanunua, wameshaajiri, wameshatangaza bungeni. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa ameutetea mradi mbele ya wapinzani, na kila mwezi uliopita ukawa mgumu zaidi kusema "tumekosea". Kwa hiyo wakaendelea. Kule kusini ikajengwa bandari Mtwara, ikajengwa na reli ya kubeba karanga za Nachingwea, karanga ambazo hazikuwahi kuijaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile ikafungwa. Hadi mwisho wa miaka miwili ya kilimo walikuwa wamevuna tani 2,000 hivi. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mradi basi, na hesabu ya hasara ikapita paundi milioni 35.

Ukitazama mpango wa mwanzo, wangeacha mapema hasara ingekuwa ndogo mno. Sehemu kubwa ya zile paundi haikupotezwa na wazo baya. Ilipotezwa na kutotaka kukubali kwamba wazo ni baya.

Na Urambo je? Hili ndilo nililotaka dada alione. Karanga zilipotupwa, ardhi iliyosafishwa ilikuwa bado ipo, barabara zipo, reli ya kati inapita palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakajaribu tumbaku. Tumbaku ikakubali. Wakawekwa wakulima wa kupangishiwa mashamba, kilimo kikasambaa vijijini, na mpaka leo Urambo na jirani zake, Usoke ikiwemo, wanaitegemea. Sisemi tumbaku ni malaika. Misitu ya miombo imeteketea kwenye mabani ya kukaushia, na madeni ya pembejeo yamewatoa watu machozi, mchumba wa dada yetu ni shahidi. Ninachosema ni kwamba hakuna tumbaku iliyoweza kupandwa palipokuwa bado panang'ang'aniwa karanga.

Sasa kwa nini tunafanya hivi? Maana tukisema ni ujinga tutakuwa tumejidanganya. Waliong'ang'ania karanga walikuwa na shahada.

Sababu ya kwanza ni kwamba hasara inauma kuliko faida inavyofurahisha. Daniel Kahneman, marehemu sasa, na mwenzake Amos Tversky waliandika jambo hili mwaka 1979, na Kahneman akaja kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Ukiokota shilingi elfu kumi unafurahi mpaka jioni. Ukiipoteza elfu kumi unalala nayo. Na mtu aliyeko ndani ya hasara anakuwa jasiri wa ajabu, yuko tayari kubahatisha kikubwa ili asiifunge hesabu ikiwa na alama ya kutoa. Anayecheza kamari na kupoteza anaujua huo ujasiri. Maadamu hujaondoka, hesabu haijafungwa. Dada yetu akibaki, miaka saba ni "tunaelekea". Akiondoka, usiku huohuo inageuka kuwa "nilipoteza". Miaka ni ileile. Kilichobadilika ni jina lake.

Sababu ya pili inauma zaidi, na wengi hatuitaji. Ni aibu ya kuonekana ulikosea. Mwaka 1976 mtafiti aitwaye Barry Staw aliwapa wanafunzi wa biashara kazi ya kugawa fedha za kampuni ya kubuni. Wengine walichagua wenyewe idara ya kupewa fedha, wengine wakakuta uamuzi umeshafanywa na mtu mwingine. Kisha wote wakaambiwa fedha zile hazikuleta matunda, sasa kuna nyingine, gaweni tena. Waliomwaga fedha nyingi zaidi kwenye idara ileile iliyoshindwa walikuwa ni wale walioichagua wenyewe. Aliyerithi kosa la mwingine analiacha kirahisi. Aliyelizaa analinyonyesha.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye mapenzi. Nani anayeng'ang'ania mchumba mbovu kuliko wote? Ni yule aliyeambiwa na mama yake, "Mwanangu, huyu hapana," akajibu, "Mama, wewe humjui." Kumwacha sasa ni kumpoteza mwanaume na kumpa mama ushindi siku moja. Wako wanawake, na wanaume vilevile, ambao wangekuwa huru zamani kama tu ndugu zao wangekubali kunyamaza siku watakapopewa taarifa. Wazazi mnaosoma hapa, binti akirudi, tafadhali, ile "nilikwambia" imezeni na chai.

Na kuna hili la kwetu, ambalo sidhani Staw alikuwa nalo kichwani: kamati ya harusi. Michango imeshakusanywa, kadi zimeshagawiwa, ukumbi umelipiwa, sare za wasimamizi ziko kwa fundi. Wiki mbili kabla, bibi harusi anagundua jambo ambalo lingemfanya akimbie. Anafanyaje? Anaolewa. Kwa nini? "Watu wameshachanga." Jamani! Tunamfunga mtu maisha yake yote ili mchango wa elfu hamsini wa jirani usiende bure. Nimekaa kwenye kamati mbili ambazo harusi iliahirishwa, na nawaambia, watu walinuna mwezi mmoja wakasahau. Mmoja wa maharusi wale kaolewa na mtu mwingine, na walewale wamemchangia tena.

Sasa najua mtakachoniambia, hasa nyinyi wakubwa zangu. Ndoa si viatu. Mapenzi si tiketi ya maigizo. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nawaheshimu. Ila wahenga haohao walisema maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo na wao walikuwa na pande mbili. Na yule aliyesema uyaoge, naamini angeona mamba angekuambia ukavae nguo zako.

Lakini hoja yenyewe ni ya haki na siwezi kuiruka. Mwanasaikolojia Caryl Rusbult, kuanzia mwaka 1980, alionyesha kwamba kinachofanya watu wadumu pamoja ni mambo matatu: wanavyoridhika, wanavyoona kama kuna penginepo pa kwenda, na walivyowekeza, yaani muda, watoto, marafiki wa pamoja, mali, siri. Na hilo la tatu si ugonjwa. Ndilo linalowavusha wanandoa kwenye mwaka mbaya. Bila hilo, kila mtu angehama nyumba siku mwenzake anapokoroma.

Nina jirani yangu ambaye mumewe aliachishwa kazi, akakaa miaka mitatu hana kitu, akawa mkali, akawa hataki kuonana na watu. Dada zake walimwambia aondoke. Akabaki. Nilimuuliza kwa nini, nikitegemea atasema "watoto" au "nimekaa naye sana". Akasema, "Shoga, hata ningekutana naye leo, hana kazi, kanuna vile, bado ningemtaka. Namjua." Huyo hakuwa amezama kwenye gharama. Huyo alikuwa anaitumia miaka yake vizuri.

Tofauti ipo hapo. Miaka mliyokaa pamoja inaweza kuwa shahidi au inaweza kuwa mdai. Ikiwa shahidi, inakueleza huyu mtu ni wa namna gani, hufanya nini mambo yakiharibika, akiahidi hutimiza au hatimizi. Hiyo ni habari muhimu ya kuamulia kesho. Ikiwa mdai, haikuelezi chochote juu ya mtu. Inakudai tu uendelee kulipa kwa sababu ulianza kulipa. Miaka saba ya dada yetu, ukiiita kama shahidi, inatoa ushahidi gani? Misimu saba, ahadi moja, haikutimizwa. Mtoto aliyefichwa miaka miwili. Radhi iliyodumu miezi miwili. Yeye alikuwa anaisoma kama deni, ndiyo maana hakuona kilichoandikwa.

Huko huko kwao zamani kulikuwa na mfano wa mtu aliyejua kugeuka. Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Tabora akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Njia ya misafara ya kwenda magharibi ilikuwa imefungwa na Mtemi Mirambo, aliyekuwa na ugomvi na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga. Wakapigwa wao, na Mirambo akaja kuchoma sehemu ya Tabora. Waarabu wakamwambia subiri, tutamaliza vita, njia itafunguka. Alikuwa keshakaa miezi mitatu, kaumwa homa, kapoteza watu. Septemba akafunga mizigo, akazungukia kusini kwa njia ndefu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Ujiji. Simsifii Stanley kwa mengine, wapagazi wake walikuwa na yao ya kusema juu ya kiboko chake. Lakini siku ile hakuuliza nimeshasubiri kiasi gani. Aliuliza Ujiji naifikaje kutokea hapa nilipo. Vita vile viliendelea miaka kadhaa baadaye.

Kwa hiyo swali nililompa dada kwenye simu ni hilo la jirani yangu. Nilimwambia: jifanye umeamka leo huna miaka saba, huna tofali, huna nusu mahari. Umemkuta huyu bwana alivyo leo, na mtoto wa Kaliua, na simu inayozimwa jioni, na kiwanja chenye jina lake peke yake. Ungeanza naye? Kimya. Nikasikia feni ya ofisini kwake inazunguka. Kisha akasema, "Dada, swali lako baya."

Akaniuliza na yeye la kwake, la maana sana: "Na nyumba je?"

Hapa niseme jambo ambalo wengi huchanganya. Kilichozama ni kile kisichorudi. Kinachoweza kurudi hakijazama, na hakuna ushujaa wowote katika kukiacha. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia ya hasara aliyoipata kwa gharama alizoingia kwa ajili ya ahadi ile, na inaruhusu pia kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Ni kwa mwanamke na kwa mwanaume. Kwa hiyo tafuta risiti za saruji, tafuta kumbukumbu za hela ulizotuma kwa fundi kwenye simu, tafuta meseji zinazosema "nyumba yetu", kisha muone mwanasheria kabla hujamuona bwana. Na mahari ile nusu, wazee wako wakae tayari, upande wa pili nao unaweza kuidai. Miaka haina risiti. Tofali zinazo.

Sikumwambia aondoke. Hiyo si kazi ya safu hii, na mtu aliyeambiwa aondoke hurudi. Nilimwomba jambo moja dogo tu: asiongeze. Abaki kama anataka kubaki, apende kama anapenda, lakini kwa miezi sita asitie senti nyingine, si kwenye linta, si kwenye shamba, mpaka ajue anachobakia ni nini. Na amuombe bwana aandike jina lake kwenye karatasi za kiwanja. Ombi halali kabisa kwa mtu mwenye nia ya kuoa.

Alimwomba. Jibu likawa, "Subiri tuuze tumbaku ya msimu huu."

Amenitumia ujumbe wiki iliyopita. Anasema vitalu vya miche vimeanza kumwagiliwa Usoke, na bwana amepiga simu mara tatu kuulizia hela ya mbolea. Mara ya kwanza alikuwa mpole, ya pili akamkumbusha walikotoka, ya tatu akamwambia, "Yaani miaka saba yote hiyo unataka kuitupa?" Dada anasema aliposikia sentensi yake mwenyewe inatoka kwenye mdomo wa mtu mwingine alicheka, akashindwa kujizuia. Hela hajatuma. Fundi naye kapiga, kaambiwa asubiri. Jumamosi hii anakwenda kwa mama yake, Sikonge, kumweleza yote, na ananiomba nimuombee mama asiseme "nilikwambia".

Ile ya wivu itakuja mwezi ujao, Mungu akipenda. Nimeifungua jana nikaisoma upya. Nusu yake naifuta.